Siku ya mnada: namna mwanamke anavyotoka kwenye ndoa ya kipigo

Mama yangu mdogo aliondoka kwa mumewe siku ya mnada. Siku hiyo aliichagua mwenyewe, maana katika vijiji vya Urambo siku ya mnada kila mwanamke yuko njiani na mzigo kichwani, na hakuna anayemsimamisha mwenzake kumuuliza anakwenda wapi. Alibeba tenga la mihogo. Chini ya mihogo kulikuwa na vitenge viwili, kadi za kliniki za watoto, cheti cha ndoa na shilingi 42,000 zilizofungwa kwenye pindo la khanga. Mtoto mdogo alikuwa mgongoni, mkubwa amemshika mkono. Jua lilipozama walikuwa Tabora mjini, nyumbani kwetu Ng'ambo, wanakula ugali.

Ukoo mzima ulizungumzia safari ya siku moja. Mimi najua ilimchukua miaka minne, na ndiyo maana swali la "mbona haondoki tu?" huniuma kila ninapolisikia, liwe kwenye daladala au msibani. Anayeuliza hivyo anadhani mlango uko wazi, na aliye ndani amekaa kwa kupenda. Mlango huo una makomeo mengi, na kila komeo lina namna yake ya kufunguka.

Kabla ya kofi

Tukisema ukatili, wengi huona jicho lililovimba. Kipigo ndicho kinachoonekana, lakini mara nyingi huwa kimetanguliwa na mengi. Kwa mama mdogo ilianza na simu. Laini aliyokuwa akitumia ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume, kwa kuwa yeye hakuwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, wakati usajili wa alama za vidole ulipokuja. Ni jambo la kawaida vijijini, na ndani ya nyumba yenye amani halina madhara. Kwao lilimaanisha kwamba mume angeweza kuifunga laini ile siku yoyote na kuitoa upya mkononi mwake, pamoja na pesa zilizomo.

Yakafuata makatazo. Usimpigie dada yako kila siku. Kwa jirani yule usikae. Kikundi cha hisa kiache, wanawake wale ni wambea. Kila katazo lilikuja na sababu yake, na kila sababu ilivaa nguo ya mapenzi. Kofi la kwanza lilipomfikia hakuwa tena na mtu wa kumwambia. Hilo halikuwa bahati mbaya. Anayetaka kumtawala mwenzake huanza kwa kumtenga na watu wake, ili kipigo kikija kikute nyumba haina shahidi.

Halafu kuna pesa, na Tabora huwezi kuzungumzia pesa ya familia ukaiacha tumbaku. Ni kazi ya karibu mwaka mzima. Miche huanzia kitaluni kabla ya mvua, huhamishiwa shambani mvua zikishika, kisha kuna kupalilia, kukata maua na machipukizi, kuchuma majani kuanzia ya chini kwenda juu, kuyafunga kwenye fito na kuyapandisha bani, yaani banda la kukaushia. Tumbaku ya mvuke hukaa bani karibu wiki nzima, na moto wake hauachwi peke yake hata usiku. Joto hupandishwa kidogo kidogo. Likizidi majani yanaungua, likishuka rangi inaharibika, na rangi ndiyo bei.

Nilikesha naye bani usiku mmoja, nikiwa likizo ya kidato cha tano. Viganja vyake vilikuwa vimekolea weusi wa utomvu wa tumbaku, ule unaonata kama gundi na usiotoka kwa sabuni ya mche hata ukisugua kwa majivu. Kuni alikuwa anazisukuma kwa mguu, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umeteguka na hakutaka kusema umeteguka vipi. Nikamwambia, mama mdogo, rudi nyumbani. Akachungulia kipimajoto, akasukuma gogo, akaniuliza, "Hii tumbaku ni ya nani, mwanangu?"

Ilikuwa ya mume. Mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, alikuwa mume. Mkopo wa mbolea uliandikwa kwa jina la mume. Marobota yalipofika sokoni yalipimwa kwa jina la mume, na malipo, yakishatoka makato ya pembejeo, yaliingia kwenye akaunti ya mume, mara moja kwa mwaka. Mwanamke anayeondoka majani yakiwa bani anaacha nyuma mshahara wake wa mwaka. Anayesubiri malipo mara nyingi anakuta pesa imeshapita. Kila mtu hapa anaijua miezi ile ya malipo, jinsi baa zinavyojaa na jinsi wake wadogo wanavyopatikana kwa haraka. Ambaye jasho lake limeandikwa jina la mtu mwingine hana mwezi mzuri wa kuondoka.

Huu nao ni ukatili, unaitwa ukatili wa kiuchumi, na nauona kuwa ndio komeo zito kuliko yote katika mkoa huu. Wanawake wanaruhusiwa kuwa wanachama wa AMCOS kwa majina yao. Wanaojiunga bado si wengi kama wanaochuma.

Utafiti wa taifa wa afya na demografia wa 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 waliwahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikia miaka 15, na Tabora ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa wake kufanyiwa ukatili na waume zao. Katika utafiti wa 2022 asilimia hiyo ya taifa ilishuka hadi 27. Lakini takwimu iliyonikaa ni nyingine ya 2015–16: zaidi ya nusu ya wanawake walioulizwa walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja, kama kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kubishana naye. Hao ni wanawake wenyewe. Mtu aliyelelewa akiamini hivyo, akipigwa, hujichunguza kwanza yeye alikosea wapi. Huko kujichunguza kunaweza kula miaka.

Yule wa kitenge

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, alieleza mwendo ambao aliuona ukijirudia katika ndoa za wanawake aliowahoji. Kwanza hali ya nyumbani inakaza, mke anatembea kwa kunyata, kila neno analipima. Kisha kinalipuka kipigo. Baada yake huja siku za toba: machozi, ahadi, zawadi, upole ambao hata siku za uchumba haukuwepo. Kisha inakaza tena. Waliokuja baada yake wameonyesha kwamba si kila ndoa ya ukatili hufuata mwendo huo, na nyingine siku za toba hazina kabisa. Kwa mama mdogo zilikuwepo. Zilikuja na kilo ya nyama na kitenge.

Aliniambia baadaye, "Watu wanadhani nilikuwa nampenda yule mpigaji. Mimi nilimpenda yule wa kitenge, nikawa namsubiri arudi." Sijasikia mtu aliyelieleza vizuri zaidi. Aliye ndani anaona waume wawili katika mwili mmoja, na tumaini lake liko kwa mmoja wao. Ukimwambia "huyo ni mnyama, mwache," umemtaja yule mwingine. Yeye atamtetea yule wake, na wewe utakuwa umeongeza ukuta kati yenu.

Kuna pia uchovu. Mtu anayeishi na hatari hujifunza kusoma mambo madogo: pikipiki imezimwaje, viatu vimetupwaje mlangoni, kikohozi cha leo ni cha namna gani. Akili yake yote inatumika kuivuka jioni hii. Ndiyo maana ukimuuliza mipango ya mwakani anakutazama kama umemsemesha lugha ya mbali.

Saa ya hatari

Hili ningependa kila mjomba, kila mchungaji na kila shekhe alijue: kipindi cha hatari kubwa zaidi mara nyingi ni kile mwanamke anapojaribu kuondoka, na wiki na miezi inayofuata. Aliyezoea kutawala akihisi utawala unamtoka huweza kufanya ambalo hajawahi kulifanya. Kwa hiyo tangazo la "nitakuacha" katikati ya ugomvi ni la hatari, na ni hatari vilevile ndugu mwema anayepokea siri ya kuondoka na kumpigia mume "ili tuyaweke sawa".

Kuna dalili za kutochukulia kwa mzaha. Ya kwanza ni kukabwa shingo. Mwanamke aliyewahi kukabwa na mumewe, hata mara moja, hata kama hakupoteza fahamu, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mume huyo siku nyingine. Shingo inaweza isiwe na alama yoyote nje huku ndani kukiwa na jeraha linaloweza kumuua saa au siku kadhaa baadaye. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiuma, macho yakiwa na vidoa vyekundu, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Dalili nyingine ni vitisho vya kuua, silaha ndani ya nyumba, kufuatwafuatwa, na kipigo wakati wa ujauzito.

Kwa sababu hiyo maandalizi hufanywa kimya. Ya mama mdogo yalienda polepole kiasi kwamba ukiyatazama kwa mbali ungeona hakuna kinachofanyika. Mwaka wa kwanza alimwambia mtu mmoja tu, mke wa mwalimu aliyeishi nyumba ya tatu. Yule mama hakumshauri lolote. Alisikiliza, akamwambia mlango wangu usiku hufunguka. Mwaka wa pili mama mdogo alijiandikisha NIDA, akisingizia kwamba zahanati inaidai. Mwaka wa tatu alianza kuweka hisa tena kupitia kitabu cha yule jirani, kwa pesa za uyoga alioufuata porini kila mvua zikianza. Mume hakuhesabu uyoga kuwa ni pesa. Pesa za uyoga ndizo zilizomtoa.

Aliwahi kuondoka kabla, akarudi baada ya wiki tatu. Ukoo ulikasirika, mjomba akaapa kutojihusisha tena. Nami nilivunjika moyo, sitaficha. Leo najua kwamba wengi huondoka na kurudi zaidi ya mara moja kabla ya kuondoka moja kwa moja, na safari ile ya kwanza haikupotea. Ilimfundisha nini alikisahau. Alikuwa ameacha kadi za kliniki na cheti cha ndoa, akaona tabu ya kuandikisha watoto bila karatasi. Safari ya pili karatasi zilitangulia: ziliingia kwenye tenga kabla ya mihogo.

Anayejiandaa leo, mambo ni hayohayo: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya NIDA au namba yake, cheti cha ndoa kama kipo, kadi ya bima, dawa za anayezitumia, nauli. Kama karatasi halisi haziwezi kutoka nyumbani, basi nakala au picha iwe kwa mtu wa kuaminika. Laini mpya iwe kwa jina lake, namba ya siri ya pesa za simu isiwe mwaka wa kuzaliwa mtoto. Mtoto mkubwa apewe neno moja la siri ambalo akilisikia anakimbia kwa jirani. Lakini asipewe siri yote, maana ni mtoto.

Mbuzi na PF3

Mara ya pili alipovunjwa mbavu, wazee walikaa. Walimkuta mume na hatia na wakamtoza faini ya mbuzi. Mbuzi alichinjwa palepale, wazee wakala, suluhu ikatangazwa. Aliyempika mbuzi yule ni mama mdogo, mbavu zikiwa zimefungwa khanga.

Nawaheshimu wazee wetu, na kuna magomvi mengi wanayoyamaliza vizuri kuliko mahakama. Kuvunjwa mbavu si mojawapo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Imesema hivyo tangu kabla mimi sijazaliwa. Kumpiga mtu hadi kumjeruhi ni kosa la jinai, na Kanuni ya Adhabu inaliwekea kifungo kinachoweza kufika miaka 5, zaidi kama madhara ni makubwa. Aliyepigwa akiwa mke wa mpigaji, kosa halipungui.

Njia huanzia polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto kama kituo kinalo. Hapo hutolewa fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza alichokiona mwilini. PF3 haiuzwi. Na kama mtu anavuja damu au amekabwa, matibabu ni kwanza, fomu itafuata. Zipo hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wako mahali pamoja, ili mtu asisimulie aibu yake kwenye madirisha matano. Kama kumekuwa na kulazimishwa kingono, saa ni muhimu: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, za kuzuia mimba ya dharura ndani ya siku 5. Asioge kwanza kama anaweza kuvumilia, na nguo zifungwe kwenye karatasi au khanga kavu, si mfuko wa plastiki, kwa sababu zikikaa na unyevu ushahidi unaharibika.

Hapa kuna tundu katika sheria yetu. Ubakaji ndani ya ndoa hautambuliwi kama kosa la kubaka, isipokuwa pale wanandoa wanapokuwa wametengana. Dawa za saa 72 atapewa, majeraha yataandikwa, lakini kosa lenyewe kwa jina lake halipo. Naliona ni jambo la kuliondoa, na nitalisema popote nitakapopewa nafasi.

Pia watoto wakiumizwa, namba 116 ni ya bure nchi nzima.

Talaka, shamba na watoto

Kutoka nyumbani na kuachana kisheria ni vitu viwili. Mtu anaweza kutoka leo na kushughulika na ndoa mwakani, na mara nyingi ni busara. Akifika huko, ataambiwa aanzie baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata, la Waislamu chini ya BAKWATA, la kanisa au kwa ofisa ustawi wa jamii. Baraza likishindwa kusuluhisha hutoa hati, na ombi la talaka huambatanishwa na hati hiyo ikiwa haijapita miezi 6. Anayeogopa kukaa meza moja na aliyemkaba ajue kwamba sheria imeipa mahakama nafasi ya kupokea ombi bila kupitia baraza, pale mazingira yasiyo ya kawaida yanapolifanya lisiwezekane. Nafasi hiyo huombwa, haiji yenyewe, na ndipo msaidizi wa kisheria anapohitajika. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure.

Mahakama, kuanzia ile ya Mwanzo, hupima kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukatili, wa mwili au wa akili, ni ushahidi mmojawapo. Mama mdogo aliambiwa na wakwe kwamba hawezi kuachika mpaka ng'ombe wa mahari warudi. Miezi saba aliishi na hofu hiyo. Suala la mahari familia zinaweza kudaiana, lakini hakimu haangalii zizi ndipo avunje ndoa.

Na shamba? Na nyumba? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na kutoka hapo kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa ameshapewa pesa na mumewe akazitumia ovyo. Lakini mlango aliougonga wamepita wengine nyuma yake. Kama kupika na kulea ni mchango, basi aliyekesha bani ana mchango usiohitaji hata kubishaniwa. Akusanye majina ya waliomwona shambani. Hata asiye na cheti cha ndoa asikate tamaa: waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi wakijulikana na watu kama mume na mke, sheria huwadhania kuwa wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mahakama inaweza kuagiza matunzo na mgawanyo.

Watoto ndio kamba ya mwisho. "Nenda, ila wanangu wanabaki, nililipa mahari." Mahakama huangalia kwanza ustawi wa mtoto, na mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni bora akae na mama yake, isipokuwa kuwe na sababu ya kuona tofauti.

Imani niliiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyomtesa bibi yangu kuliko mwanawe. Bibi ni Mkatoliki wa tangu zamani, na alikuwa anasema alichounganisha Mungu. Siku moja padri aliketi naye akamweleza kwamba Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 1153, zinamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha yeye au watoto, na kama kuna hatari ya kuchelewa anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Bibi alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia mapema. Kwa jirani zetu Waislamu, Sura ya Al-Baqara aya ya 231 inakataza kumshikilia mke kwa lengo la kumdhuru, na khului ni njia iliyowekwa kwa mke anayetaka kutoka. Viongozi wa dini wanayajua haya. Tunawaomba wayaseme mimbarini, si faraghani tu baada ya mtu kuvunjwa mbavu.

Kunusurika

Kiswahili kina neno manusura. Nalipenda kuliko mhanga, kwa sababu mhanga ni wa kutolewa sadaka. Lakini kunusuru ni kuokoa, na nusura ni karibu: nusura afe, nusura arudi. Neno limebeba yote mawili, uokovu na ule ukaribu wa kuangamia, na mama mdogo aliishi katikati ya hayo mawili muda mrefu baada ya siku ya mnada.

Mwezi wa kwanza alimkumbuka mume, akaona aibu kumkumbuka. Alilia kwa vitu vya ajabu, kama harufu ya majani ya tumbaku kwenye nguo za abiria. Pikipiki ikizimwa nje alisimama bila kujua amesimama. Mtoto mkubwa alianza kukojoa kitandani, yeye aliyekuwa ameacha zamani. Tulidhani akishafika kwetu mambo yamekwisha, tukashangaa kumwona anazidi kuchoka. Baadaye muuguzi mmoja alitueleza kwamba ndivyo kiwewe kilivyo: mwili ulioshikilia miaka mingi, ukifika mahali salama, ndipo unapoachia.

Yaliyomsaidia hayakuwa makubwa. Kulala. Kutoulizwa. Binti wa jirani aliyemsuka kila Jumamosi bila kumhoji. Mtu wa kwenda naye mahakamani, akae tu kwenye benchi ili asiingie peke yake. Kuamua mwenyewe leo tunapika nini, kitu ambacho siku za kwanza kilimshinda. Alikuwa anamuuliza mama kila saa kama anaruhusiwa kuwasha redio. Dada zangu wawili walitaka kumsukuma aanze maisha mapya haraka, apate biashara, aonekane amesimama. Walimaanisha mema. Mtu aliyeamriwa miaka yote, hata amri njema humkumbusha.

Waliotaka kurudisha mambo nyuma nao walikuja, ujumbe wa wazee watatu, na mume nyuma yao amevaa koti. Baba aliwapokea kwa mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, na maji ya kunywa, akawaambia mwenye uamuzi ni huyu hapa, muulizeni. Hakumjibia. Mama mdogo alisema sirudi, kwa sauti ndogo, akaingia ndani. Nadhani lile la baba kutomjibia lilikuwa kubwa kuliko angetoa hotuba.

Sasa ni mwaka wa tano. Amepanga chumba na sebule Isevya, anauza maandazi na uji asubuhi. Mgawo wa mali alioupata ulikuwa mdogo kuliko haki yake, akaupokea. Mwaka wake wa kwanza pale, kila usiku alikuwa analiegemeza benchi mlangoni, ingawa kitasa ni kizima na ufunguo ni wake. Siku hizi benchi liko nje chini ya mwembe, wateja wanalikalia. Usiku wa upepo mkali, bati zikigonga, hutoka na kuliingiza ndani.